Rangi za maji zinazopauka na maonyesho yangu ya kwanza Moshi: naomba ushauri

Mpakarangi wa Njoro

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninaishi Njoro, Moshi, na kwa miaka sita sasa nachora kwa rangi za maji, hasa alfajiri kabla ya kwenda kazini, kwa kuwa siku nyingi ikifika saa tatu wingu limeshaufunika Mlima Kilimanjaro na hauonekani tena mpaka jua linapokaribia kuzama. Mwenye mkahawa mmoja hapa mjini ameniomba nitundike picha kumi na mbili kuanzia mwanzoni mwa Desemba, wakati wageni wa kupanda Mlima wanapoanza kuongezeka. Nimefurahi, lakini yako mambo mawili yananinyima usingizi.

La kwanza ni aibu iliyonipata mwaka jana. Niliacha picha tatu za mijakaranda katika ukumbi wa nyumba ya wageni, na nilipozifuata baada ya miezi minne, maua ya zambarau yalikuwa yamegeuka samawati iliyochuja. Mwenye nyumba alinitazama kana kwamba ndimi niliyemharibia ukuta. La pili ni kwamba huyu wa mkahawa anataka picha zote kumi na mbili ziwe za kilele cha Kibo chenye theluji, "kama kwenye kalenda", ilhali mimi moyo wangu uko kwenye vihamba vya Kibosho, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za Wachagga, mifongo ya kumwagilia maji, na akina mama wa soko la Mbuyuni wanaopanga ndizi chini ya miavuli. Nitumie rangi zipi, na huyu mwenye mkahawa nimjibu nini?

Mama Kihamba

Mwanangu, nimefundisha uchoraji shuleni kwa miaka mingi, na hilo la mijakaranda limewapata wengi. Zambarau yako bila shaka uliipata kwa kuchanganya bluu na wekundu fulani wa waridi. Bluu ya ultramarini ni sugu, kwa hiyo ilibaki, lakini wekundu uliliwa na mwanga, na ndiyo maana maua yaligeuka samawati badala ya kufifia yote kwa pamoja.

Usiamini jina zuri lililoandikwa mbele ya tyubu. Igeuze usome maandishi madogo, ambako watengenezaji makini huandika namba ya pigmenti, yaani kitu chenyewe kinachotoa rangi. Ukiona PR83, hiyo ni alizarini, wekundu mtamu sana kwa macho ambao umewaliza wachoraji dunia nzima kwa sababu hauhimili mwanga. Badala yake tafuta PV19, ambayo ni wekundu wa waridi uitwao kwinakridoni. Ukiichanganya na PB29, yaani ultramarini, utapata zambarau ya jakaranda inayodumu kwa muda mrefu zaidi. Tyubu isiyo na namba yoyote waachie watoto wafanyie mazoezi.

Hata hivyo, usichukue neno langu tu. Paka ukanda wa kila rangi uliyo nayo kwenye kipande cha karatasi, funika nusu yake kwa kadi nene, kisha ubandike kwenye dirisha linalopigwa na jua kwa miezi mitatu. Ukiifunua kadi utajua ipi ya kutupa. Mimi nilitupa tyubu tano siku moja, na mbili kati ya hizo zilikuwa zawadi kutoka kwa watu ninaowaheshimu.

Kuhusu Kibo, sina ugomvi na anayetaka kuchora theluji, ila achore anachokiona. Kalenda nyingi zinarudia picha za zamani, wakati barafu ya kileleni imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Katika rangi za maji, weupe wa theluji ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa, kwa hiyo kabla ya kulowesha burashi huna budi kuamua utabakiza weupe kiasi gani, na ukishapitisha rangi hapo hakuna kurudi nyuma. Ukisimama Moshi, kilele cha Mawenzi kiko kulia kwako na jua hutokea upande huo. Mwezi wa Desemba huchomoza kusini kidogo ya mashariki, kwa hiyo uso wa Mlima unaotuelekea hupata mwanga wa pembeni, mabonde yakawa na kivuli cha bluu na kingo zikawa na rangi ya pichi. Mwezi wa Juni jua huwa limehamia kaskazini, na uso huo huo hubaki umepoa na bapa. Wanaochora kutoka kwenye simu hawalijui hili, na picha zao zinawaumbua.

Kijani Kibichi

Naongezea jambo dogo kuhusu vihamba. Kijani cha kununua kikiwa tayari kwenye tyubu ndicho kinachoua picha nyingi za migomba, kwa sababu kihamba hakina kijani kimoja. Jani la mgomba linalopitishwa jua kwa nyuma linakaribia kuwa njano. Jani hilo hilo likitazamwa upande wa chini lina ukungu wa kijivu. Na mti wa kahawa uliosimama chini yake ni wa kijani kizito kinachong'aa kama kilichopakwa mafuta. Mimi huanza na njano peke yake, nikaiacha ikauke kabisa, ndipo nikaongeza tabaka jembamba la bluu sehemu za kivuli tu. Kwa udongo na majani makavu yanayoning'inia kwenye shina natumia kahawia nyekundu ya PBr7, na nikiichanganya hiyo na ultramarini napata kijivu cha mawingu ambacho chembe zake hutuama kwenye vishimo vya karatasi, zikatoa ule ukungu wa Julai bila mimi kuhangaika.

Fundi Fremu Arusha

Ndugu yangu, nimetengeneza fremu hapa Arusha kwa muda mrefu, na naomba nitofautiane kidogo na mama, kwa heshima zote. Hizo picha za Kibo mchoree mwenye mkahawa, lakini zisizidi nne. Ndizo zitakazolipia karatasi yako ya gramu 300. Wageni wengine wataingia wakitafuta Tingatinga, yaani rangi nzito za mafuta zinazong'aa ambazo Edward Saidi Tingatinga alianza nazo Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na wakikuta rangi nyepesi za maji watauliza kama picha zimekamilika kweli. Uwepo siku za mwanzo uwaeleze.

Usiruhusu kioo kiguse picha. Kati ya picha na kioo weka kadi isiyo na asidi iliyokatwa dirisha, ili unyevu usigandishe karatasi kwenye kioo na ukungu usianze kuota. Usitundike ukuta unaotazamana na dirisha la mashariki wala la magharibi, kwa maana kioo cha kawaida hakizuii mwanga unaokula rangi.

Zaidi ya yote, andikianeni. Kama unampa picha kwa mali kauli, karatasi ionyeshe idadi, bei ya kila moja, asilimia yake, siku ya kukulipa, na nani anagharamia kioo kikivunjika. Iseme pia kwamba anayenunua picha hajanunua haki ya kuichapisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda. Nalisema hili kwa uchungu, kwani mteja wangu mmoja aliikuta picha yake ya twiga kwenye jalada la menyu ya hoteli, na alijua baada ya kuagiza chai.

Mpakarangi wa Njoro

Shikamoo mama, na asanteni wote. Nimegeuza tyubu zangu: waridi niliyotumia kwenye mijakaranda ni PR83. Leo nimebandika vipande tisa kwenye dirisha la jikoni, na mke wangu ameuliza kama tumehamia shule ya chekechea. Mwenye mkahawa amekubali Kibo nne, vihamba vitano na soko tatu, ila ukuta anaonipa unatazamana na mlango wa magharibi. Fundi, je, pazia zito litatosha, au nimwombe ukuta wa ndani karibu na kaunta, ambako mvuke wa mashine ya kahawa nao unanitia wasiwasi?

Fundi Fremu Arusha

Chukua wa ndani, lakini mita mbili kutoka kwenye mashine, na nyuma ya fremu uzibe vizuri. Pazia watalifungua siku ya kwanza.