Gesi inagandaje kuwa barafu chini ya bahari na huko hakuna baridi ya kuigandisha?

Mwalimu_Kemia
Habari za usiku wakuu. Naomba msaada, hili swali limeninyima raha tangu juzi. Nafundisha kemia kidato cha tatu, sasa niliwaonyesha wanafunzi ile video ya barafu inayowaka, kipande cheupe kiko kiganjani mwa mtu aliyevaa glavu, juu moto huku chini maji yanachuruzika. Nikawaambia inaitwa haidreti ya methani na inatoka kwenye mashapo ya chini ya bahari. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, mwalimu si umetufundisha methani inachemka kwenye nyuzi hasi 161, na huko chini umesema ni nyuzi 3 au 4, sasa gesi imegandaje hapo? Nikamwahidi jibu Alhamisi, ndiyo kesho.

Fundi_wa_Bomba
Mwalimu huyo binti ana kichwa, mlee vizuri. Methani haijaganda. Waliojipanga kama barafu ni maji, methani imefungiwa tu ndani kama kuku kwenye tenga.

Mimi kitako cha bahari sijafika, hii kitu nimeikuta kazini kwenye mabomba ya gesi. Gesi ikitoka kisimani inakuja na presha kubwa na unyevu, ikipita kwenye valvu ya kupunguza presha inapoa ghafla, hata jua liwe linachoma vipi unakuta bomba upande wa pili limevaa utando mweupe na mshale wa geji umeanza kucheza. Siku moja zamu ya asubuhi tulisikia mlio wa gesi unapungua pole pole, kama mtu anayezibwa pua, kisha kimya. Tukashusha presha taratibu pande zote mbili, maana ukishusha upande mmoja tu lile donge linaruka kama risasi, limeshaua watu kwenye kazi hii. Kufungua tukatoa kitu kama theluji iliyoshindiliwa, nikaweka kipande kwenye glavu kikawa kinalia chsss chsss kama soda, baada ya muda nimebaki na maji tu. Hiyo ndiyo haidreti. Tangu 1934 mtafiti Hammerschmidt kule Marekani alipoonyesha kwamba haidreti ndizo zinaziba mabomba ya gesi, mafundi tunapambana nazo kwa methanoli na glaikoli, kemikali za kuzizuia zisijengeke. Na 2010 kwenye ule mvujo wa mafuta wa Ghuba ya Mexico walishusha kuba la chuma la kufunika mvujo, kina cha mita 1,500 hivi, haidreti zikalijaza, kazi ikakwama.

Mashapo_na_Mawimbi
Naongezea hapo kwa Fundi, mimi nasoma jiolojia ya bahari.

Mwalimu anza na gesi yenyewe inatoka wapi. Vijimea na viumbe vidogo vya juu ya bahari vinakufa, vinadondoka, vinafukiwa kwenye tope. Vijidudu vya kwenye tope vinakula hiyo mizoga, vya kwanza vinatumia oksijeni, ikiisha vinakuja vinavyotumia salfeti ya maji ya bahari, na salfeti nayo ikiisha ndipo wanaanza kazi wale wanaotengeneza methani. Kwa hiyo nyingi inazaliwa humo humo topeni. Inayojaribu kupanda inakutana na salfeti na kuna vijidudu vingine vinaila hapo, ndiyo maana sehemu nyingi huikuti haidreti juu kabisa ya sakafu, mpaka uchoronge kidogo, isipokuwa pale gesi inapopanda kwa nguvu kwenye nyufa.

Sasa methani ikizidi kile ambacho maji ya kwenye vinyweleo vya mashapo yanaweza kuyeyusha, na presha ipo na baridi ipo, maji yanaizunguka. Hapa mchoree binti ubaoni: molekuli 46 za maji zinajenga matenga 8, mawili madogo na sita makubwa, kila tenga linaingia methani moja. Hakuna bondi ya kikemia kati ya methani na maji, ila tenga tupu linabomoka, kile kilichomo ndani ndicho kinachofanya lisimame. Chumvi haina nafasi humo, inasukumwa nje, ndiyo maana haidreti ikiyeyuka unapata maji yasiyo na chumvi.

Kwa nyuzi 4 unahitaji presha kama mara 40 ya presha ya hewa, yaani bahari yenye kina cha mita 400 na kitu. Watu wengi wanadhani basi ukizidi kwenda chini inazidi kuwepo, hapana. Ndani ya mashapo joto la ardhi linapanda, mara nyingi kama nyuzi 30 kwa kilomita, presha inavuta huku joto linavuta kule, ukifika mita mia kadhaa joto linashinda. Chini ya hapo gesi inabaki gesi, na mpaka wenyewe unaonekana kwenye picha za mitetemo, yaani zinazochorwa na mawimbi ya sauti yanayorushwa chini na kurudi, mstari unaofuata mabonde na vilima vya sakafu ya bahari kama kivuli chake, hata unakatisha matabaka.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni cha Hydrate Ridge, mgongo wa kilima chini ya bahari nje ya pwani ya Oregon, Marekani. Mwaka 2002 meli ya utafiti JOIDES Resolution ilichoronga pale, sampuli zikifika juu wanapitisha kamera ya joto kwenye mabomba kabla ya kuyafungua. Penye haidreti panaonekana pa baridi kuliko pembeni, kwa sababu inapovunjika inanyonya joto. Walikuwa wanaiona kwa ubaridi wake!

Kivu_Asubuhi
Jambo ndugu zangu, mimi niko Goma. Ziwa letu la Kivu lina methani nyingi sana chini, Rwanda wanaitoa wanawasha umeme. Ziwa lina kina cha mita 485. Mbona hatusikii barafu hiyo hapa?

Mashapo_na_Mawimbi
Swali zuri sana ndugu. Presha mnayo, gesi mnayo, kinachokosekana ni baridi. Maji ya chini ya Kivu ni kama nyuzi 26, na kwa joto hilo ungehitaji presha zaidi ya mara 400 ya hewa wakati pale chini haifiki hata 50. Kwa hiyo methani inabaki imeyeyuka kwenye maji. Nenda Baikal kule Urusi, nalo ni ziwa la maji yasiyo ya chumvi kama ya bahari, kwenye ufa kama lenu, lakini lina kina cha zaidi ya mita 1,600 na chini ni nyuzi 3 na kitu. Miaka ya 1990 walichoronga mashapo yake wakaikuta haidreti.

Fundi_wa_Bomba
Na kabla hajauliza mtu, gesi ya Tanzania ya bahari kuu haihusiki hapa. Ile imekaa kwenye matabaka ya mchanga yaliyofukiwa chini mno, huko kuna joto.

Mwalimu_Kemia
Mungu awabariki wote, nimeshachora matenga nane kwenye daftari. Mashapo, mita moja ya ujazo inatoa gesi kiasi gani, nimpe ahesabu moli?

Mashapo_na_Mawimbi
Mita za ujazo 164 hivi za methani kwenye hali ya kawaida, na maji mita za ujazo 0.8. Mwache aanzie kwenye 46 na 8 afike huko mwenyewe, utuletee mrejesho.