Vijana wa kata yangu hawapatikani tena saa kumi jioni. Nifanyeje?

Dada wa Makambako
Habari zenu wadau. Naomba mawazo, hasa kwa mliowahi kufanya kazi na vijana ngazi ya kata.

Mimi ni mwelimishaji rika hapa Makambako, mkoani Njombe. Wasafiri mnapajua: ukitoka Iringa barabara inagawanyika hapa, moja Mbeya, nyingine Njombe mpaka Songea, na treni ya TAZARA inapita. Malori yanalala hapa, mbao zinapakiwa hapa, na miaka ya karibuni parachichi limeongeza pilikapilika. Vibarua kwa kijana vipo, ila ni vya kuitwa kwa simu. Ukichelewa kupokea, gari limeshapata wapakiaji.

Nilipoanza kujitolea tulikuwa na siku yetu. Jumamosi saa kumi jioni, uwanja wa shule ya msingi: mpira kwa wavulana, netiboli kwa wasichana, kisha tunakaa chini ya miti tunaongea. Ukimwi, pombe, mimba, namna ya kusajili kikundi. Asiyekuja wenzake wanamfuata kwao. Leo uwanja upo, mpira upo, watu hawapo. Aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana yuko kwenye bodaboda ya mtu, anatafuta hesabu. Wengine wako vibanda umiza wanaangalia mechi za Ulaya, mkeka mkononi.

Wazee wanasema vijana wa sasa hawataki kufundishwa. Nakataa. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwa baridi ya huku akapakie mbao siwezi kumwita mvivu.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: utafiti wa Ukimwi wa 2022-2023 ulionyesha Njombe ndiyo yenye maambukizi ya juu zaidi nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati taifa ni 4.4. Kisha Januari 2025 misaada ya Marekani ikasimamishwa na miradi mingi ya Ukimwi ikatikisika. Kwetu nauli na soda ya kikao vilikoma.

Niwafuate wapi, saa ngapi? Na bila posho, nawapelekea nini?

Mwenyekiti wa Kijiwe
Pole na kazi dada. Mimi ni bodaboda Mbeya mjini, naongoza kijiwe chetu.

Mwenye chombo anataka hesabu yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Aliye kwenye mkataba ndiyo zaidi, akilala siku kadhaa pikipiki inachukuliwa na alichokwisha lipa kinapotea. Sasa wewe unamwita saa kumi, saa ambayo watumishi wanatoka kazini na abiria ndio hao. Njoo saa nne au saa tano asubuhi, tunakuwa tumekaa tu kwenye vyombo.

Halafu kikundi unachotaka kuunda, sisi tunacho. Tuna viongozi, tuna faini, tuna mfuko. Mwenzetu akianguka tunachanga, akifiwa tunakwenda. Anza kwa mwenyekiti akutambulishe, usije na bango na kamera. Na usianze na Ukimwi. Anza na mkataba. Wengi wetu tumekubaliana kwa mdomo, pikipiki ikinyang'anywa huna karatasi ya kuonyesha. Ukitusaidia kuandika mikataba, siku ya vipimo hutahitaji kununua soda.

Mfungasha Parachichi
Shikamoo dada. Kaka amesema vizuri, ila kijiweni kwao wasichana hawapo.

Mimi nafungasha parachichi. Msimu ukifika gari linatuchukua gizani na kuturudisha gizani. Tena nina mtoto. Nilimzaa nikiwa shuleni, nikarudi baada ya serikali kuruhusu mwishoni mwa 2021. Mikutano ya vijana niliyoikuta ilikuwa ya kutuambia tusipate mimba, na mimi nimekaa pale maziwa yanavuja. Sikurudi tena, wala hakuna aliyeuliza.

Tulio na watoto tuna kundi letu la WhatsApp. Tunatumiana sauti usiku watoto wakishalala. Huko mtu anauliza asichoweza kuuliza uwanjani. Mwenzetu aliuliza kama unaweza kujipima mwenyewe VVU, na hakuna aliyejua kwamba sheria inaruhusu tangu 2019, na kwamba wa miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi. Karibu kwenye kundi, lakini uje kama mmoja wetu.

Afisa Mstaafu
Binti yangu, nimekuwa maendeleo ya jamii miaka mingi. Utashawishika kuwakusanya kwa ahadi ya mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo vijana wana 4. Ni haki yao na haina riba, waelekeze. Lakini usiufanye ndio sababu ya kukutana. Mikopo ilisitishwa 2023 ikarudi 2024, na katikati hapo nimeona vikundi vilivyoundwa kwa ajili ya fedha tu vikisambaratika.

Uwanja nao usiuache. Tangu ada ifutwe sekondari 2016, watoto wengi wa miaka 14 mpaka 17 wako madarasani. Hao jioni bado wanacheza. Usipowakuta wewe, kibanda cha kubeti kitawakuta.

Dada wa Makambako
Asanteni sana. Jumatatu naenda kwa mwenyekiti wa kijiwe cha stendi, na nitatafuta mtu wa msaada wa kisheria wa kutuandalia mkataba mfupi. Uwanja nitauacha kwa wa shule, mzee wangu.

Marahaba mdogo wangu. Nisamehe kwa niaba yetu kwa mikutano ile. Niulize jambo: msichana akiandika saa saba usiku kwamba amebakwa, mnafanyaje? Dawa za kinga ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na wote mmelala.

Mfungasha Parachichi
Lilishatokea. Tangu hapo tunapeana zamu, kila usiku wawili simu zao hazizimwi. Kuna nesi wa zahanati aliyekubali kupigiwa muda wowote, na dereva bajaji mmoja tunayemwamini. Dawati la jinsia polisi tunakwenda asubuhi, tukiwa naye. Tunapungukiwa mtu wa zamu ya Jumamosi.

Dada wa Makambako
Nipe mimi Jumamosi.