Naombeni ushauri: nataka kuwa mchambuzi wa utafiti wa masoko

Kijana wa Ufipa
Wakuu, habari za leo. Nina digrii ya ualimu, somo la hesabu. Kwa sasa nafanya udodosaji kwenye kampuni moja ya utafiti hapa Dar, ile ya kuzunguka na kishikwambi kuuliza watu wanafulia sabuni gani. Nimeipenda. Nataka nihamie kwenye uchambuzi. Nianze na programu ipi ya kuchambua takwimu: SPSS, Stata au Power BI? Na kozi ya miezi mitatu, mtu wa kawaida angekubali kulipa shilingi ngapi? Sina amani kabisa.

Kisiki
Nimekaa pale, nasubiri wajuzi.

Mama Nuru
Mdogo wangu, anza na Excel mpaka ikutii. Halafu SPSS, Stata utaikuta zaidi kwa wachumi na watu wa miradi ya afya. Ila programu ni kazi ndogo. Mteja hakulipi umtajie asilimia, anataka kujua kwa nini mama wa Mbagala ananunua mafuta ya kupima wakati chupa ya lita ipo dukani. Na ujue sampuli. Kaya ina watu wazima watano, unamhoji nani? Ukimchukua kila anayefungua mlango, utajaza wastaafu na mama wa nyumbani watupu, vijana wa kazini huwapati. Ndiyo maana kuna jedwali la Kish, la kuchagua nani ahojiwe kwenye kaya bila upendeleo.

Karani Mstaafu
Umenikumbusha sensa ya 2022. Goba niliruka ukuta na kishikwambi mkononi, mbwa nyuma. Tukavirudisha, wakagawiwa walimu. Mwalimu, na wewe ulipata chako?

Kijana wa Ufipa
Nilipata.

Mama Nuru
Kumbe umeajiriwa! Wapi?

Kijana wa Ufipa
Sekondari moja ya Rukwa.

Mama Nuru
Rukwa, na unadodosa Dar? Shule si zimefunguliwa?

Kijana wa Ufipa
Likizo ilipoisha sikurudi. Ila mkuu wa shule tunaelewana, na Kimara nimeshalipa kodi ya miezi sita. Msimamizi wangu kasema nafasi ya uchambuzi itatoka. Turudi kwenye SPSS, tafadhali.

Mtumishi wa Bwana
Watoto wa watu wamekaa bila mwalimu wa hesabu, wewe unauliza habari za sabuni! Utoro kazini unafukuzisha, kuelewana na mkuu hakukuokoi.

Mama Nuru
Na hiyo "itatoka" umeipata kwa maandishi? Mdodosaji analipwa mradi ukiwepo. Mradi ukifungwa, hata simu hawapokei. Rudi, omba ruhusa ya masomo, jifunzie hukohuko.

Kijana wa Ufipa
Dada, ruhusa itachukua miaka. Nafasi haitanisubiri.

Kisiki
Ngojeni kwanza. Mwenye shida huuliza kozi ni bei gani. Huyu kauliza "mtu wa kawaida angekubali kulipa shilingi ngapi". Hii ni chai, wakuu. Jamaa anataka kufungua kozi, sisi ndio wahojiwa.

Karani Mstaafu
😂😂 Na Kish hajatumia, kachukua waliofungua mlango.

Mtumishi wa Bwana
Yaani nimemwombea bure?

Kijana wa Ufipa
Jamani, Rukwa ni kweli kabisa. Ila kwenye lile la bei, kuna mwenye jibu?

Karani Mstaafu
Laki na nusu, cheti humohumo. Ukizidisha naenda YouTube.