Daktari kasema "hatari ni kubwa". Kubwa kiasi gani? Naombeni ushauri

Viazi_Uyole: Wakuu habari za jioni. Nipo Mbeya, mimba wiki ya 34. Wa kwanza nilijifungua kwa operesheni. Leo kliniki daktari kasema nikijaribu kawaida kovu linaweza kuachia, "hatari ni kubwa". Nikauliza kubwa kiasi gani. "Kubwa, mama," akaita namba inayofuata. Nifanyeje?

Mzee wa Kiwira: Bibi zetu walizalia shambani, jioni wakarudi na kuni kichwani.

Mama Tumpe: Mimi wote watatu kisu. Wa pili bajaji ilikwama kwenye tope Tukuyu, mvua ile mnaijua... ngoja, maharage yanaungua.

Mkunga Mstaafu: Mdogo wangu, kovu likiwa moja, limekatwa chini kwa upana, huachia kwa wanawake kama 5 kati ya 1,000 wanaojaribu. La wima ni mara kadhaa zaidi. Usitazame la tumboni. Ngozi hukatwa hivi, mfuko wa uzazi vile. Tafuta kadi ya ruhusa. Mtoto ana umri gani?

Viazi_Uyole: Mkubwa tu, anatembea.

Mkunga Mstaafu: Miezi mingapi?

Viazi_Uyole: 13. Ila nina afya, na tiketi ya Makete nimeshakata, Jumamosi. Mama ananisubiri, zahanati ipo jirani.

Kisu cha Mwanjelwa: 13! Shemeji hana subira 😂

Mkunga Mstaafu: Ungeanza na hilo. Mimba zikikaribiana hivyo kovu huachia kirahisi zaidi, ile 5 si yako tena. Na zahanati haina chumba cha upasuaji. Likiachia, zinahesabiwa dakika.

Bwana Hoja: Chai hii. Mwezi jana akaunti hiihii ilikuwa inauza viazi na kulalamika mke anachelewesha ugali. Leo ina mimba?

Kisu cha Mwanjelwa: Na sukari imezidi.

Viazi_Uyole: Simu ni ya mume wangu. Na ugali haukuchelewa, mkaa uliisha.

Mama Tumpe: Hiyo ya mkaa naiamini.

Viazi_Uyole: Kadi nimeikuta chini ya godoro. Imeandikwa LSCS.

Mkunga Mstaafu: Walikata chini, afadhali. Miezi bado ni ileile. Kesho rudi nayo, mwambie: "Kwa kovu hili na miezi hii, wangapi kati ya elfu?" Usinyanyuke kabla hajakutajia.

Viazi_Uyole: Sawa dada. Na tiketi?

Mzee wa Kiwira: Kiti cha dirishani?