Naomba ushauri: ampu ya gita ya Vox ya zamani au hii iliyofufuliwa? Kaka yupo Uingereza anasubiri jibu

SoloMbagala
Wakuu habari za jioni.

Napiga solo kwenye bendi ya dansi. Ijumaa na Jumamosi tupo baa moja huku Mbagala, Jumapili harusi zikipatikana. Ampu yangu, yaani kikuza sauti cha gita, imefika mwisho. Koni ya spika ilichanika mwaka juzi, nikaiziba kwa gazeti na gundi ya mbao. Nikipiga nyuzi nyembamba inaimba, nikishuka kwenye nene inakohoa. Mpiga rithim ananicheka mbele za watu.

Sasa kaka yangu anaishi Uingereza, Desemba anakuja na kuna mzigo anachangia kwenye kontena. Kasema nichague ampu moja, nusu ya hela anatoa yeye. Tangu nimeanza gita naota Vox. Amepata mbili. Ya kwanza AC30, muuzaji anadai ni ya 1964, "zile za Beatles", paundi 1,900. Ya pili AC15C1 mpya ya dukani, bei haifiki nusu ya hiyo.

Wenzangu wanasema Vox ya siku hizi ni jina tu, ilishakufa, Wajapani wakaifufua. Nisije nikabeba maiti iliyopakwa poda. Na hivi vitu vya valvu, zile taa za kioo za ndani, vitaustahimili umeme wetu?

Nawasilisha.

MzeeWaNyuzi
Kijana wangu, wenzako wamekwambia nusu.

Vox ni ya Dartford, kule Kent. Mwenye kampuni alikuwa Tom Jennings, mtu wa vinanda vya umeme. Aliyeichora ampu ni Dick Denney, naye mpiga gita, na ukiipigia unajua kabisa kwamba aliyeitengeneza alikuwa anashika nyuzi. AC15 ilitoka 1958. The Shadows, bendi ya magita ya Uingereza, wakawa wanapiga kwenye kumbi ambazo mashabiki wanapiga kelele kuliko vyombo, wakaomba nguvu zaidi, ndipo ikaja AC30. Kwa lugha nyepesi ni AC15 mara mbili: valvu za nguvu za EL84 nne badala ya mbili, spika mbili za inchi 12.

Kilichoiangusha si sauti, ni mahesabu. 1964 kampuni iliangukia mikononi mwa Royston, 1967 Jennings akaondoka kwenye kitu alichokianzisha mwenyewe, na haukupita muda Royston nayo ikafilisika. Baada ya hapo jina lilipita kwa Dallas Arbiter, likapita kwa Rose-Morris, hadi Korg ya Japani ilipolichukua 1992. Kinachonichekesha mimi ni hiki: AC30 ambayo Korg waliirudisha 1993 ilitengenezwa palepale Uingereza, kwenye kiwanda cha Marshall. Mshindani! Kazi ilihamia Asia baadaye.

Kwa hiyo ukisikia "iliyofufuliwa", uliza ipi. Jina hilo limebadilisha mikono kuliko bendi yako ilivyobadilisha wapiga besi.

FundiRedio
Mzee kasema vizuri ila mimi nataka picha. SoloMbagala, mwambie kaka apige picha ya paneli ya juu na ya mgongoni, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. AC30 ya kawaida ya 1964 ina chaneli tatu, kila moja matundu mawili ya kuchomeka gita, jumla sita. Haina Master Volume, kitufe cha sauti ya jumla. Haina tundu la kuunganishia madoido ya sauti nyuma (Effects Loop). Ukiona hivyo vitu, ya mwaka huo siyo, hata muuzaji aape.

Kuhusu umeme: volti si tatizo. Wao na sisi ni 230, hezi 50, hata plagi ni ileile ya miguu mitatu. Ingekuwa inatoka Marekani ningekwambia tafuta transfoma. Shida yetu ni kupanda na kushuka, kwa hiyo nunua stabilaiza ya maana, na umeme ukikatika zima swichi ya ampu kwanza, usiuache ukurudie kwa kishindo.

Lakini kama kweli ni ya 1964, kapasita zake kubwa, vile vipande vinavyotunza umeme ndani, zimeshakauka au zinakaribia. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua valvu, si ya kijana wa simu. Mle ndani kunabaki zaidi ya volti 300 hata ukiwa umechomoa. Mimi mwaka 1991 redio ya valvu ilinitupa hadi ukutani, na kidole hiki cha shahada mpaka leo kinakufa ganzi mvua ikikaribia.

ChukuaTransista
Mnamsumbua mwenzenu. Achukue ya transista, nyepesi, haina taa za kuungua. Baa ya Mbagala nani anasikia tofauti?

MzeeWaNyuzi
Anayepiga anasikia.

BintiNyali
Mimi niko Mombasa, nina hiyo AC15C1, huu mwaka wa nne. Kuna jambo hakuna aliyekwambia ndugu yangu. Hii ampu ni tamu mpaka sauti inapokaribia katikati. Ukipita hapo yaanza kukwaruza. Mpiga roki atakubusu mikono, lakini sisi wa sebene na rumba twataka nyuzi safi, kila noti ijulikane. Ukiwa na dramu na matarumbeta nyuma, wati 15 zitakutoa jasho.

Nifanyavyo mimi: naiweka juu ya kreti la soda, inielekee masikioni, sauti chini ya katikati. Halafu maiki moja mbele ya spika, si katikati ya koni, pembeni kidogo, inaingia kwenye mikisa. Watu wasikilize spika kubwa, mimi nasikiliza Vox yangu. Tena kile kitufe cha Tone Cut kisikuchanganye, chafanya kazi kinyume: ukikipandisha, ukali wapungua. Wiki nzima ya kwanza nilidhani imeharibika.

Uzito ni kama kilo 22, nabeba mwenyewe hadi kwenye tuktuk. AC30 ni zaidi ya 30. Uliza mgongo wako.

FundiRedio
Dada kamaliza. Naongeza valvu tu. AC15 inatumia EL84 mbili na ECC83 tatu, zile valvu ndogo za mwanzo, na zote bado zinatengenezwa, JJ wa Slovakia wanazo. Kaka akununulie EL84 jozi moja na ECC83 moja za akiba, azifunge kwenye soksi, aje nazo kwenye begi la mkononi. Kwenye kontena zisiingie.

SoloMbagala
Wakuu nimerudi, picha zimekuja usiku.

Matundu ni manne. Kuna kitufe cha Reverb, kuna Master. Mgongoni pameandikwa Effects Loop, na chini kuna stika imebanduliwa kwa kucha, zimebaki herufi "Made in Ch". Kaka alipomuuliza muuzaji, jamaa akajibu "spika ndiyo za zamani", na tangu hapo hapokei simu.

MzeeWaNyuzi
Ha! 1964 ya Uchina.

BintiNyali
Na hiyo si ampu mbaya hata kidogo, ubaya ni bei na uongo. Kwa paundi 1,900 angenunua kama hiyo mpya dukani, na risiti, na chenji ikabaki.

SoloMbagala
Nimemwambia kaka achukue AC15. Swali la mwisho kwa FundiRedio: pale baa, nikishika nyuzi mdomo ukagusa maiki napigwa shoti. Mwenye baa kanishauri nikate ule mguu wa juu wa plagi.

FundiRedio
USIKATE. Huo ndio wa ethi, unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini, na ndio unaokulinda kwenye kitu chenye volti mia tatu ndani. Hiyo soketi ya baa haina ethi, au mikisa iko laini nyingine. Chomekeni vyombo vyote na mikisa kwenye soketi moja yenye ethi iliyopimwa. Kabla ampu haijafika nitakuja kupima, nauli yako.

Na ile ya zamani usiitupe. Niletee spika, koni inabadilishwa.

SoloMbagala
Nauli ipo mkuu. Ila hilo gazeti ulibandue taratibu, lina picha ya bendi yetu.