Marehemu wako mbinguni tayari, au wamelala mpaka ufufuo?

kifungua_mimba:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tumempumzisha mama hivi karibuni. Kwenye ibada mhubiri alisema mama "yuko mbinguni anatuangalia". Tulipofika kaburini, yule yule akafungua 1 Wathesalonike 4, akasoma habari za "waliolala mauti" watakaofufuliwa parapanda ikilia. Mdogo wetu wa mwisho, bado yuko shule ya msingi, akanivuta mkono: "Kama mama kashafika, anafufuliwa aende wapi tena?" Nikamwambia tutaongea nyumbani. Nyumbani tumefika, la kumwambia sina, na yeye kila akipanda kitandani ananikumbusha. Naombeni Maandiko. Hilo la "ni fumbo la Mungu" nimeshaambiwa vya kutosha.

mwalimu_wa_watoto:
Pole sana dada. Huyo mtoto kawabana wakubwa pale tunapopenda kupapita haraka.

Anza na Mwanzo 2:7. Mungu anamfanya mtu kwa mavumbi, anampulizia pumzi, ndipo mtu anakuwa nafsi hai. Hatusomi kwamba kuna kitu kilichokuwa kikiishi kwingine kikaja kupangishwa humo ndani. Mtu ni huyo huyo mzima. Ndiyo maana Agano la Kale halina hadithi nyingi za maisha ya wafu: wema kwa wabaya wanashuka kuzimu, na huko ni kimya (Zaburi 6:5, Mhubiri 9:5). Tumaini linapochomoza, linakuja kama watu kuamka kutoka mavumbini. Soma Isaya 26:19 na Danieli 12:2.

Sasa nenda Bethania, Yohana 11. Lazaro ana siku nne kaburini, na Martha anakuja na lawama kidogo: ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Hapo ndipo sisi tungesema "usilie, yuko pazuri". Yesu anamwambia ndugu yako atafufuka. Martha naye hataji mbinguni, anajibu, "Najua ya kuwa atafufuka katika ufufuo siku ya mwisho." Halafu Yesu analia, na huku anajua muda si mrefu atamwita atoke! Lazaro anatoka kafungwa sanda miguu na mikono, leso usoni, watu wanaambiwa wamfungue. Hakuna hata sentensi moja ya yeye kusimulia alikuwa wapi. Kwetu lingekuwa swali la kwanza.

Paulo vivyo hivyo. Wathesalonike wamefiwa, naye anawaambia waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, kisha: "farijianeni kwa maneno hayo." Kwa hiyo mwambie mdogo wako ufufuo ndio tumaini lenyewe, haujabandikwa mwishoni kama nyongeza. Yesu aliyefufuka alikula kipande cha samaki wa kuokwa mbele yao (Luka 24). Mungu ana haja na mwili pia.

mlinzi_wa_zamu:
Mwalimu, umejenga vizuri ila umeruka vifungu. Paulo huyo huyo anatamani kwenda zake akae na Kristo (Wafilipi 1:23). Sasa kama ni usingizi usiojua lolote, "vizuri zaidi sana" inatoka wapi? Mwizi msalabani kaambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" (Luka 23:43). Musa alikufa, Kumbukumbu 34 iko wazi, lakini anaonekana mlimani akizungumza na Yesu. Na Ufunuo 6 roho za waliouawa zinalia "hata lini". Najua Wasabato na Mashahidi wa Yehova, wanaoamini wafu hawajui lolote, wana majibu yao, ila sehemu kubwa ya Wakristo, Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti wengi, wanaamini nafsi haizimiki.

mtoto_wa_parokia:
Niongezee upande wetu Wakatoliki. Tunaamini nafsi inakwenda mbele za Mungu, na tunawaombea marehemu. 2 Makabayo 12 inasimulia Yuda alivyokusanya drakma 2,000 za fedha, akapeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari waliokufa, kwa kuwa alitazamia ufufuko. (Ndugu Waprotestanti hamna kitabu hicho kwenye Biblia zenu, najua, tusigombane msibani.) Ila hata sisi kwenye Kanuni ya Imani tunasema tunangojea ufufuko wa wafu. Aliyeko kwa Mungu naye bado anangoja. Hilo linamjibu mtoto moja kwa moja.

mwalimu_wa_watoto:
Mlinzi, kuwa na Kristo sikupingi, Wafilipi inanibana kweli. Kuhusu mwizi, Jumapili asubuhi Yesu anamwambia Mariamu Magdalene kwamba bado hajapaa kwenda kwa Baba, kwa hiyo hiyo peponi tusikimbilie kuichora. Nisichokubali ni "anatuangalia". Huwa watu wananitajia lile wingu la mashahidi la Waebrania 12, yaani waliotutangulia katika imani. Rudi aya mbili nyuma: watu wale wale hawakuipokea ahadi, ili wasikamilishwe pasipo sisi. Wanatungoja. Kumwambia mtoto mama anamwona kila anachofanya, mimi siwezi. Wengine inawafariji, wengine inawanyima usingizi.

kifungua_mimba:
Mbarikiwe wote. Nimemwambia mama yuko mikononi mwa Bwana na bado hajafika mwisho wa safari, kuna siku ya kuamka. Kaelewa. Tumesoma pamoja Yohana 11, sasa kaleta jipya: Lazaro alikufa tena?

mwalimu_wa_watoto:
Biblia haisimulii, lakini ndivyo tunavyoelewa. Tena alikaribia kuuawa mapema: Yohana 12:10, wakuu wa makuhani wakafanya shauri wamwue, maana watu walikuwa wakimwamini Yesu kwa ajili yake. Kurudishwa kwake kulikuwa kurudi kwenye maisha haya haya ya kuzeeka na kuugua. Msomee Warumi 6:9, Kristo akiisha kufufuka hafi tena. Ndiyo aina ya ufufuo anaoungoja mama yenu. Akiuliza mwili huo utafananaje, mpeleke 1 Wakorintho 15 kuanzia aya ya 35. Kuna mtu alishauliza hilo hilo, na Paulo alianza kwa kumwita mpumbavu, hapo wewe ruka.