Mwelekeo wa matumizi katika programu ya bajeti: tulinganishe mwezi upi na upi?

Fundi wa Langoni, Lamu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninatengeneza programu ya simu ya kumsaidia mtu kufuatilia matumizi yake, na sasa nimefika kwenye sehemu ya kumwonyesha iwapo matumizi hayo yanapanda au yanashuka. Kwa sasa programu inajumlisha matumizi ya mwezi huu, inayalinganisha na ya mwezi uliopita, kisha inaonyesha mshale na asilimia. Mvuvi mmoja niliyempa aijaribu ameniuliza kwa nini inampongeza kwa kupunguza matumizi mwezi wa Juni, ilhali bahari ilikuwa imechafuka kwa upepo wa kusi, chombo kilikuwa kimefungwa, na hakuwa na cha kutumia. Je, ni kipindi gani kinachofaa kuwa kipimo kwa watu ambao mapato yao hufuata misimu?

Mwanatakwimu, Malindi

Waalaykum salaam. Ndugu, mwezi uliopita ni kipimo kibovu kwa watu wa pwani, na mwezi kama huu wa mwaka jana unafaa kwa baadhi ya mambo tu. Kusi na kaskazi hufuata mwaka wa jua, kwa hiyo Juni ya mvuvi ilinganishwe na Juni, na Desemba ya anayetegemea wageni ilinganishwe na Desemba. Ramadhani, kwa upande mwingine, hufuata mwezi mwandamo, na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi. Mwaka 2024 mfungo ulianza karibu tarehe 12 Machi. Mwaka 2025 ulianza mwanzoni kabisa mwa Machi na kuujaza karibu mwezi wote. Ukilinganisha Machi hizo mbili, gharama ya tende, unga na nyama itaonekana kupanda hata kama nyumba hiyo haikubadilisha lolote katika futari yake. Tena mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba, kwa hiyo programu inayojua kalenda moja tu itakwama hapo.

Ushauri wangu ni kwamba kila fungu la matumizi liwe na kalenda yake: chakula, nguo za Idi na sadaka zilinganishwe kwa Hijria; mafuta ya boti na karo kwa kalenda ya kawaida. Pia usitumie wastani pekee. Karo ya Januari ikilipwa kwa mkupuo huuvuta wastani juu kwa miezi kadhaa, ilhali ukiipanga miezi kwa ukubwa na kuchukua kiasi kilicho katikati, malipo makubwa ya mara moja hayatakupotosha.

Mama Duka, Shela

Mwanangu, kabla ya kufika kwenye kalenda, hakikisha unachokijumlisha ni matumizi kweli. Nikitoa shilingi 5,000 kwa wakala wa M-Pesa, pesa zile bado ni zangu. Kilichotumika ni ada peke yake. Nikinunua bidhaa kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha, deni hukatwa lenyewe pesa zinapoingia, na programu ikihesabu ununuzi na kisha malipo ya deni, itakuwa imehesabu kitu kimoja mara mbili. Mchango wa chama nao utarudi kwangu zamu yangu ikifika. Sisi wenye maduka hutumia laini moja kwa nyumba na biashara, kwa hiyo naomba niweze kuyagusa malipo na kusema haya ni ya mzigo wa duka, programu ikumbuke na isiniulize tena kwa muuzaji yule yule.

Msanifu, Malindi

Naongeza machache. Onyesha shilingi kabla ya asilimia, kwa kuwa kupanda kutoka 100 hadi 200 ni asilimia 100 lakini hakumtishi mtu. Usitegemee rangi nyekundu na kijani peke yake, kwa sababu wapo wasiozitofautisha. Maneno ya pongezi yaondoe kabisa: programu haijui kwa nini mtu ametumia kidogo. Kumbukumbu za malipo zibaki ndani ya simu kadiri inavyowezekana, kwani Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na isitoshe majirani watakaoitumia wanakuamini.

Fundi wa Langoni, Lamu

Nawashukuru sana, na Mama, nitaanza na hilo la mzigo wa duka wiki hii. Limebaki moja: mtumiaji mpya ambaye hana kumbukumbu za mwaka mzima nimwonyeshe nini?

Mwanatakwimu, Malindi

Mwonyeshe kiasi alichotumia katika kila fungu, bila mshale wowote, na umweleze waziwazi kwamba ulinganisho utaanza atakapoufikia tena msimu ule ule.